Gari la Shamba: Usafiri wa Abiria Baina ya Mji na Vijiji katika Kisiwa cha Unguja

Katika kisiwa cha Unguja neno "shamba" lina maana pana kuliko ile ya konde lililolimwa. Kila mahali pasipokuwa mjini ni shamba. Mvuvi wa Nungwi ambaye hajapata kupanda mkarafuu hata mmoja, na mwanamke wa Jambiani asokotaye kamba za usumba penye ardhi ya mawe matupu, wote wawili ni watu wa shamba, kwa sababu tu hawakai Mji Mkongwe wala Ng'ambo. Kwa hiyo gari liwachukualo hao kuwapeleka mjini na kuwarudisha kwao laitwa gari la shamba, au kama wasemavyo Waunguja wenyewe, "gari ya shamba". Na jina hilo limedumu ingawa magari yenyewe yamebadilika mara nyingi.

Waandishi wa historia ya Unguja wamesema mengi juu ya karafuu, masultani, mikataba na mapinduzi. Gari la shamba, ambalo kila mmoja wao bila shaka amepata kulipanda au kulipisha njiani, hutajwa kwa mstari mmoja na kuachwa. Makala hii haikusudii kueleza habari zake zote. Nataka kufuata jambo moja, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililolipa gari hilo nguvu yake, nalo ni kwamba gari la shamba hulala shamba. Halitoki mjini asubuhi kwenda vijijini. Latoka kijijini alfajiri kwenda mjini, na mchana hurudi. Msomaji aweza kuona kuwa hili ni jambo dogo, la mwenye gari na dereva wake. Lakini tukitazama safari zilizokuwapo kabla yake, tutaona kuwa mahali gari linapolala ndipo panapoamua ni nani anayetumikiwa nalo.

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, na upana wake haufiki kilomita 40. Upande wa magharibi una udongo mzuri, na ndiko kulikopandwa minazi na mikarafuu. Mashariki na kusini ni nchi ya maweni, yenye vichaka na udongo haba, na watu wake tangu zamani wametegemea bahari zaidi kuliko jembe. Mji umekaa magharibi, ukitazama Bara. Mtu wa Makunduchi, ambako ni mwendo wa kilomita kama 65, alikuwa na njia mbili za kuufikia: miguu yake au chombo cha baharini. Kwa miguu ilikuwa siku nzima na zaidi, na mzigo kichwani. Kwa chombo ilimpasa kuzunguka Kizimkazi na kupanda na pwani ya magharibi. Wakati wa kusi upepo ulimsaidia kwenda na kumpinga kurudi, na wakati wa kaskazi mambo yakawa kinyume. Haishangazi basi kwamba wengi hawakuuona mji ila mara chache maishani, na kwamba mji nao haukuwajua.

Chombo cha kwanza chenye magurudumu kilichopangiwa njia maalumu kisiwani hakikuwa cha watu hao. Mwaka 1879 Seyyid Barghash alitandika reli ya maili saba hivi kutoka kwenye jumba lake mjini mpaka Chukwani, upande wa kusini, alikokuwa na jumba jingine. Mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu, na mwaka 1881 likaagizwa gari moshi dogo kutoka Uingereza. Ilikuwa reli ya mtu mmoja na nyumba yake. Barghash alipofariki mwaka 1888 haikupata wa kuirithi, na vyuma vyake vikang'olewa.

Reli ya pili ilikuwa ya umma, au tuseme ya umma wa mjini. Mwaka 1905, yaani mwaka mmoja baada ya kufunguliwa soko la Darajani, kampuni ya Kimarekani iitwayo Arnold Cheney ilijenga njia ya maili saba kutoka karibu na Ngome mpaka Bububu. Gari hilo lilipita katika njia za Malindi zilizo nyembamba hata wanunuzi walilazimika kujibana milangoni mwa maduka lipite. Wageni walioshuka katika meli walipenda kulipanda kwa starehe, wakatengewa behewa lao wenyewe, ili waone mashamba kwa saa moja au mbili kabla ya meli kung'oa nanga. Wenye mashamba yaliyopakana na reli hawakulipenda vivyo hivyo, maana cheche zake zilichoma mimea na mapaa ya makuti.

Hapa nitaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Imekuwa hadithi ya kupendeza, na wageni husimuliwa mpaka leo, kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari moshi. Haiwezekani. Bibi Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, aliwahi kukaa Bububu, na alipaita kwa jina hilo hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, miaka 19 kabla ya reli. Kama jina hilo ni la mlio, afadhali tuseme ni mlio wa chemchemi ya mahali pale, ambayo maji yake yaliletwa mjini kwa mfereji katika siku za Barghash. Gari moshi lilikuta jina likilingoja.

Reli ya Bububu ilikoma kuchukua abiria mwaka 1922. Kwa muda baada ya hapo ilitumika kubebea mawe ya kujengea bandari, kisha nayo ikaondolewa. Sababu itajwayo ni kutengenezwa kwa barabara na kuja kwa motokaa za abiria, na hapana shaka ni sababu ya kweli. Walakini kuna jingine nionalo mimi. Reli ilianza mjini, ililala mjini, na ilikoma Bububu, mahali ambapo mtu mwenye miguu mizima aweza kufika kwa saa mbili au tatu. Wale waliokuwa na haja kubwa ya kuchukuliwa walikaa mbali mno na mwisho wa chuma chake. Motokaa haikuhitaji chuma. Ilihitaji njia tu, hata iwe ya mawe na vumbi, na mtu wa kijijini aliyekuwa tayari kuweka fedha zake humo.

Barabara nzuri zilianza magharibi na kaskazini, penye karafuu na nazi, kwa kuwa serikali ilizijenga kwanza kwa ajili ya mazao. Nchi ya maweni ilingoja. Hata hivyo magari yalifika mapema kuliko lami. Gari lenyewe lilikuwa kazi ya mikono miwili: fremu na mashine vilitoka ng'ambo, vikiwa ni vya lori, na bodi ilijengwa kisiwani na maseremala. Walitia paa la mbao lenye nguvu ya kubeba mizigo, mabenchi marefu yaliyofuata ubavu huu na huu hata abiria wakakaa wakitazamana, na mapazia ya turubai ya kushushwa mvua inyeshapo. Haikuwa na madirisha ya vioo. Maseremala hao walikuwa warithi wa ufundi wa nchi iliyojua kuunda vyombo vya bahari, na bodi za namna hiyo zilionekana barabarani kwa muda mrefu, hata baada ya mabasi madogo ya chuma kuingia.

Lugha nayo yashuhudia kwamba watu walilipokea gari kama chombo kingine cha safari. Neno "nauli" lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya malipo ya kuchukuliwa chomboni baharini. "Shehena" ni mzigo wa jahazi. Maneno hayo yaliingia garini tayari kwa kazi, hayakutafutiwa badala yake, na mpaka leo watu husema "chombo" kwa maana ya gari bila kuhisi kuwa wanatumia mfano. Aliyesaidia dereva, akapanga mizigo juu ya paa, akaita abiria na kuning'inia nyuma gari likiondoka, aliitwa utingo. Atazamaye kazi yake ataona kuwa ni ya baharia hasa, ila tanga halimo.

Sasa tutazame safari yenyewe. Gari laondoka kijijini kabla ya jua kutoka, aghalabu baada ya sala ya alfajiri. Juu ya paa kuna makapu ya samaki, kuni, ndizi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, kamba, na baiskeli ya mtu. Samaki ndio wenye haraka, kwa sababu mnada wa Darajani haumngoji mtu na joto halimngoji samaki. Siku za bamvua, maji yatokapo mbali na wanawake wakapata kutembea miambani kuchokoa pweza, mzigo huwa mkubwa. Siku za maji mafu huwa mdogo. Ofisi yoyote ya mjini iliyopanga saa za magari kwa kalenda ya ukutani isingeweza kulifahamu jambo hili, ambalo dereva alalaye kijijini alijua bila kuambiwa, maana kapu la kwanza kupakiwa huenda lilikuwa la mkewe.

Mjini gari hukaa saa kadhaa. Watu huuza, hununua mchele, sukari, mafuta ya taa na vitambaa, huenda hospitali ya Mnazi Mmoja kutazama wagonjwa, huenda mahakamani, hulipa au huomba kuongezewa siku za kulipa. Mchana gari huanza kujaa tena. Mgeni akiuliza litaondoka saa ngapi hujibiwa, "Likijaa." Jibu hilo limewaudhi wengi, na wengine wameliandika kuwa dalili ya uvivu. Kwa kweli ni hesabu. Gari moja lenye safari moja kwa siku haliwezi kurudi nusu tupu na bado likapata mafuta ya kesho; na wale waliomo ndani, ambao ni majirani, wanajua ni nani bado hajarejea kutoka sokoni. Kumwacha ni kumlaza mjini.

Mambo mengi yalipita mikononi mwa dereva pasipo kuandikwa popote. Alichukua fedha za mtoto aliyeko shuleni mjini, dawa ya mzee, barua, na habari za kifo zilizotakiwa kufika kabla ya maziko. Usiku gari lilipokuwa limesimama chini ya mwembe, mwanamke akashikwa na uchungu usio wa kawaida, kila mtu alijua mlango wa kubisha. Kabla ya kuwa na hospitali Makunduchi kusini na Kivunge kaskazini, njia ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndefu. Kama gari lingelala mjini penye karakana na pampu ya mafuta, kama akili ya biashara tupu ingelivyoshauri, usiku wa vijiji hivyo ungekuwa na urefu mwingine. Sidai kuwa wenye magari walifanya hivyo kwa wema peke yake. Walilala kwao kwa sababu ndiko walikokuwa na nyumba, na faida ya asubuhi ilikuwa huko. Lakini faida na haja ya majirani zilikutana mahali pamoja, jambo lisilotokea mara nyingi.

Kwa kuwa gari lilikuwa la kijiji, ugomvi wa kijiji ulipanda pia. Uchaguzi wa kwanza wa Unguja na Pemba ulifanywa Julai 1957, na katika mwaka 1958 uhasama baina ya wafuasi wa Afro-Shirazi na wa chama cha Hizbu ukashuka kutoka majukwaani hata ukafika mahali pa chini kabisa. Watu waligomea maduka ya wenzao. Waliachana mazikoni. Wakagomea na magari: mtu alitazama kwanza gari ni la nani, kisha akaamua kupanda au kungoja. Tufikirie maana yake katika kijiji chenye gari moja au mawili. Mabenchi yale yaliyowalazimisha watu kutazamana, magoti kwa magoti, kwa saa mbili au tatu, yalikuwa yamefanya kazi ambayo baraza yoyote ingeliona fahari kuifanya; na sasa mtu alikubali kutembea kwa miguu au kuacha samaki wake waoze kuliko kukaa mbele ya jirani. Jumuiya ya PAFMECA, iliyoanzishwa Mwanza Septemba 1958, ilivishauri vyama viwili vipatane, na kwa muda ukali ulipungua. Haukutoka. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 kususiana kulionekana tena, hasa Pemba, na wazee waliokumbuka ya 1958 hawakuhitaji kuelezwa ni kitu gani.

Sitakaa sana katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya Januari 1964. Biashara ya kuingiza bidhaa ilikuwa mikononi mwa serikali, vipuri vilikuwa adimu, na bei ya karafuu iliposhuka katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipungua zaidi. Magari yalidumu kwa sababu mafundi hawakukubali yafe. Kuanzia mwaka 1984, katika utawala wa Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ilifunguliwa, na haukupita muda mrefu mabasi madogo yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kuonekana barabarani. Pamoja nayo lilikuja neno kutoka Dar es Salaam, "daladala," lililotokana na "dala", jina la sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli ya huko katika miaka hiyo. Unguja ililipokea neno bila sarafu. Lakini mpaka leo yapo masikio yanayosikia tofauti: daladala ni la mjini na viungani mwake, na liendalo mbali bado ni gari la shamba.

Njia zilipewa namba, na anayezitazama namba hizo kama zilivyozoeleka atasoma ramani ya kisiwa. Zianzazo na 1 zaenda kaskazini, kama 116 ya Nungwi na 118 ya Matemwe. Za 2 zaelekea mashariki, kama 206 ya Chwaka na 214 ya Uroa. Za 3 ni za kusini: 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi, 326 ya Kizimkazi. Za 5 ni za mjini na jirani zake, na mojawapo, 502, yaenda Bububu, ikifuata upande ule ule wa gari moshi la mwaka 1905.

Namba hizo zaonyesha pia kasoro ambayo kulala shamba hakukuiponya. Njia zote ni kama vidole vya mkono mmoja. Vyakutana kiganjani tu, na kiganja ni mji. Kwa miaka mingi kilikuwa Darajani, palipokuwa na ukingo wa ile Pwani Ndogo iliyotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo na ambayo ilifukiwa kidogo kidogo. Baadaye magari mengi yalihamishiwa vituo vingine, kama Mwanakwerekwe. Kijiji kilipata njia ya kufika mjini, hakikupata njia ya kufika kijiji cha pili. Matokeo yake yaonekana hata katika usemi. Kimakunduchi na Kitumbatu ni lahaja za kisiwa kimoja, lakini wasemaji wake aghalabu hukutana mjini, na wakikutana hapo husemezana kwa Kiunguja cha mji, ambacho ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wanafunzi wa lahaja hupenda kulaumu shule na redio kwa kufifia kwa lahaja za shamba. Mimi ningeliweka gari katika orodha hiyo, na si mwishoni.

Iko siku moja katika mwaka ambapo mkondo hugeuka. Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, na watu wa mji hutafuta nafasi katika magari kwenda kusini, wakisongamana na kuuliza saa za kuondoka kwa sauti ile ile ya unyonge ambayo watu wa shamba huitumia siku nyingine zote. Wazee wa Makunduchi, nadhani, hulitazama jambo hili kwa furaha isiyosemwa.

Desturi yenyewe ya kulala shamba imeanza kuvutwa na haja mpya. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 na kikawapa wanawake wengi fedha zao wenyewe, hata nauli ikawa si jambo la kumwomba mume. Kisha hoteli zikaenea pwani ya mashariki na kaskazini. Mfanyakazi wa hoteli hafuati bamvua. Hufuata zamu, na zamu yaweza kumalizika usiku wakati gari limekwisha kusimama chini ya mwembe wake. Barabara sasa ni za lami na gari laweza kwenda na kurudi zaidi ya mara moja kwa siku, basi mwenye gari huuliza kwa haki kabisa kwa nini asilale penye abiria wa jioni.

Na vile vidole havijaunganishwa. Michamvi na Chwaka zatazamana, moja upande huu wa Ghuba ya Chwaka na moja upande ule. Mwenye ngalawa huvuka. Asiye nayo, akiwa na jamaa wa kumzika au harusi ya kuhudhuria, huamka alfajiri Michamvi, hupita Bwejuu, Paje na msitu wa Jozani, huenda mpaka viungani mwa mji, hushuka na makapu yake, hutafuta gari la Chwaka, hungoja lijae, kisha hupita Dunga kurudi tena mashariki. Afikapo Chwaka jua limekwisha kupinda, na kutoka ufukweni aweza kuuona ng'ambo ya maji upande alikotoka asubuhi.